Usimuulize Mgonjwa Kama Anasikia

Wiki niliyoagwa kazini, Hoza, kijana niliyemwachia idara ya tiba ya viungo, aliniletea daftari lenye jalada gumu akaniambia, "Mama, tuandikie yale ambayo huwa huyaandiki kwenye faili." Wenzake wakaongeza saa ya ukutani. Daftari limekaa mezani miezi miwili bila kuguswa. Saa nimeitungua leo asubuhi nikailaza kifudifudi, maana nilishindwa kuacha kuitazama.

Nimechagua siku mbaya ya kuanza kuandika, lakini nisipoandika nitaendelea kupiga pasi nguo ambazo tayari nimeshazipiga pasi. Leo binti yangu Rehema anatibiwa India. Ana uvimbe ndani ya kizazi, wa ukubwa wa chungwa, na ana miaka thelathini na nne, na anataka mtoto. Daktari wa kwanza alimshauri aondolewe kizazi. Wa pili akamwambia ipo mashine inayotuma mawimbi ya sauti kutoka nje ya tumbo, ikayakutanisha kwenye nukta moja ndani ya uvimbe na kuupika hapo hapo, bila kisu. Rehema alilia kwa furaha. Mimi niliuliza, ingawa majibu nilishayasikia zamani, wanapangaje njia ya kupita hayo mawimbi, na mgonjwa anawaambiaje kwamba joto limekwenda pasipotakiwa.

Jibu la swali la pili ndilo limenitoa usingizi. Mgonjwa halazwi usingizi kamili, maana wanamhitaji awaeleze anavyojisikia. Anashikishwa kitufe mkononi. Ikimuuma isivyo kawaida anabonyeza, na mashine inasimama. Basi usalama wa mwanangu leo umo kwenye kidole gumba chake, na mimi ndiye niliyemlea. Nitaeleza kwa nini hilo linanitia wasiwasi, ila itanibidi nianze mbali.

Nilipanda Lushoto kutoka Tanga mjini nikiwa na cheti kipya, sweta moja na imani kwamba baridi ni jambo la kuzoea. Sijaizoea mpaka leo. Hospitali niliyopangiwa sitaitaja, wanaonijua wanaijua. Idara ya viungo ilikuwa chumba kimoja chenye vitanda viwili, baiskeli isiyo na magurudumu, na Mzee Shekiondo.

Mzee Shekiondo alikuwa mtaalamu wa viungo kwa miaka mingi, Mlutheri wa Magamba, mrefu, mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Siku ya kwanza sikugusa mgonjwa. Alinipeleka kwenye kona, akafunua kitambaa kilichofumwa na mkewe, na chini yake palikuwa na boksi la chuma lenye vitufe vya kuzungusha na waya uliobeba kitu kama kichwa cha bomba la bafuni.

"Hii inapiga kelele," akasema.

Nikasikiliza. Kimya.

"Kelele yake huisikii wewe wala mbwa. Lakini inaingia mwilini na kugeuka joto. Sasa nionyeshe kama inafanya kazi."

Nikatazama taa ya kijani, nikasema inafanya kazi kwa sababu taa imewaka. Alicheka kwa pua. Akageuza kile kichwa kitazame juu, akadondosha tone la maji, akawasha. Tone likaanza kutetemeka na kurusha vumbi la maji. "Taa inakuambia umeme upo," akasema. "Maji ndiyo yanayokuambia kazi ipo." Tangu siku hiyo sijaamini taa ya mashine yoyote, hata ya jiko.

Wiki tatu nzima alinifundisha kwenye mguu wake mwenyewe. Jeli ya kutosha, maana pakiwa na hewa katikati, mawimbi hayapiti. Kichwa cha mashine kisisimame, kizungushwe polepole, duara juu ya duara, kwani kikisimama sehemu moja joto linajilundika hapo. Penye mfupa karibu na ngozi punguza wati, mfupa unameza joto kuliko nyama. Tumbo la mjamzito usiguse. Magoti ya mtoto anayekua usiguse. Uvimbe usioujua usiguse. Na kabla ya yote, chupa mbili ndogo za dawa zilizokwisha, moja ya maji ya moto na nyingine ya baridi. Mgonjwa afumbe macho, umguse nazo, akuambie ni ipi. Akikosea, mashine inarudishwa chini ya kitambaa chake.

Hili la chupa niliona ni la kizee. Lilikula muda, foleni ilikuwa ndefu, na maji ya moto yalitoka jikoni kwa mpishi mwenye gubu. Nakiri hapa nilichokuwa nawaza kwa sababu najua wapo kati yenu wanaowaza hivyo hivyo sasa.

Mwaka wangu wa pili Mzee Shekiondo alikwenda msibani kwao kwa siku nne. Siku ya pili akaja Mama Elieza kutoka Mtae, mwanamke wa umri wa mama yangu, aliyeteleza shambani na kikapu cha viazi kichwani. Kifundo cha mguu kilikuwa kimekakamaa. Kutoka Mtae hadi kwetu ni safari ya kuvunja mgongo, naye alikuwa ameondoka kwao alfajiri. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaketi kitandani ameshika kanga yake kwa mikono miwili kama aliye kanisani.

Sikutuma mtu jikoni kuchukua maji. Nilipaka jeli, nikawasha, nikaanza kuzungusha.

"Unasikia, mama?"

"Nasikia, mwanangu."

Nikaongeza wati kidogo. "Sasa je, unasikia?"

"Nasikia."

"Vizuri?"

"Nasikia vizuri kabisa."

Kabla ya kuzima nikamuuliza tena, ikawa mara nne, nikajisifu moyoni kwa kuwa mwangalifu. Alitabasamu muda wote. Aliondoka akinishukuru, na mimi nikaandika kwenye kadi yake: mgonjwa anasikia joto vizuri.

Alirudi baada ya wiki moja amenibebea peasi kwenye mfuko. Alikuwa na furaha. Alifungua kitambaa mguuni, na pale juu ya mfupa wa kifundo palikuwa na lengelenge lililopasuka, pana kuliko sarafu kubwa kuliko zote, na nyama mbichi chini yake. "Dawa yako imeshika," akasema. "Ugonjwa umeanza kutoka."

Mzee Shekiondo alikuwa amerudi. Aliinama, akautazama mguu, hakunitazama mimi. Akamwomba Mama Elieza afumbe macho, akagusa kidole gumba cha mguu kwa pamba, kisha unyayo, kisha kisigino. Mama Elieza akangoja, macho yamefumbwa. Baada ya muda akauliza kama tumeshaanza.

Wakazungumza kwa Kishambaa, ambacho wakati ule nilikijua kwa salamu tu. Mzee Shekiondo akanigeukia. "Anasema mguu huu umekufa ganzi mwaka wa tatu sasa. Nimemuuliza mbona alikuwa anakujibu kwamba anasikia. Anasema alikuwa anakusikia. Sauti yako ilimfikia vizuri. Tena anasema una sauti nzuri."

Nyie mnaosoma haya mtacheka, na mcheke. Neno letu ni moja. Sikio linasikia na ngozi inasikia, na mgonjwa mwenye adabu, akiulizwa na mtu aliyevaa koti jeupe kama anasikia, anajibu kwamba anasikia. Ndivyo alivyofundishwa kumjibu mwalimu, mchungaji na mume. Mimi nilikuwa naulizia joto, yeye alikuwa anaitikia wito.

Nilitaka kunyamaza. Naliandika hili waziwazi. Yeye mwenyewe alishaamini kuwa ni ugonjwa unatoka, kidonda kingefungwa, peasi zingeliwa, na hakuna ambaye angeuliza. Nilimtazama Mzee Shekiondo nikitumaini atalisema yeye kwa Kishambaa, nisilielewe.

"Mwambie," akasema.

"Atanielewa?"

"Kisichoeleweka nitakitafsiri."

Nikapiga magoti pale sakafuni ili nisimwangalie kwa juu. "Mama, huu si ugonjwa unaotoka. Ni mimi nimekuunguza. Nilipaswa kukupima kwanza, sikukupima. Nisamehe."

Akafunga tena kitambaa chake taratibu. "Uliniuliza mimi," akasema. "Hukuuliza mguu."

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Alipimwa, akakutwa na sukari nyingi, ambayo hakuna aliyewahi kumpima. Kidonda cha mguu wa mtu mwenye sukari hakina haraka ya kupona. Alilazwa, akatoka, kikafunguka tena. Msimu mzima hakushuka shambani, viazi vyake vikavunwa na ndugu, na waliovuna walijipimia wenyewe. Kila Jumamosi ya pili nilipanda basi la Mtae kwenda kumsafisha kidonda. Barabara ile ina kona ambapo abiria wote wanaacha kuongea, na kila nilipopita nilijiambia kwamba wiki ijayo nitakuta mguu umeoza na wanaukata. Sikuwa na amani hata siku moja ya miezi ile. Haukukatwa. Ulifunga siku tulizokuwa tumeacha kutumaini, ukaacha kovu linalong'aa, na Mama Elieza akabaki na mkongojo.

Niliporudi safari ya mwisho niliandika kwenye kipande cha katoni, kwa herufi kubwa: USIMUULIZE MGONJWA KAMA ANASIKIA. Nikakitundika juu ya mashine. Mkaguzi mmoja aliwahi kuniuliza kwa nini idara yetu inapinga watu kusikia. Nikamweleza, akaandika kitu kwenye karatasi yake, na katoni ikabaki.

Lakini chupa mbili hazikumaliza shida yote. Zinakuambia kama ngozi ina hisia. Hazikuambii kama mwenye ngozi atasema. Wazee wetu, na hasa wanawake, wamekandwa kwa maji ya moto baada ya kila uzazi, na anayepiga kelele wakati wa kukandwa huonekana mlegevu. Kwao joto la tiba likizidi ndipo linapotibu. Nilikuwa na mgonjwa aliyesikia kila kitu, machozi yanamtoka, na midomo yake inasema, "Endelea tu, haina neno." Amejikaza kisabuni kwa heshima yangu.

Nikaleta kengele ndogo. Nikawaambia, ikiuma piga. Hakuna aliyepiga. Mzee mmoja wa Irente, aliyekuwa akiwaita ng'ombe wake wa maziwa kwa kengele, aliishika kwa ncha za vidole, akaniuliza, "Nikugongee kengele wewe, daktari? Wewe ni ndama?" Akanirudishia.

Ndipo nikageuza. Nilikuwa nangojea watu wavunje ukimya, na ukimya ndio adabu yao. Basi nikasema, mgonjwa akiwa kitandani aongee mfululizo, na akinyamaza, nazima. Aeleze chochote: bei ya kabichi, ugomvi wa kwaya, mvua iliyogoma. Mwanzo walinishangaa, kisha wakalipenda. Mtu anayeungua hawezi kusimulia harusi bila kukwama. Sauti inakatika, au neno moja linatoka juu kidogo, na mkono wangu uko tayari kwenye kitufe. Yeye hajalalamika, heshima yake ipo, na mimi nimeshajua. Mzee Shekiondo alisimama mlangoni siku moja akasikiliza habari nzima ya mbuzi aliyeibwa, akasema, "Chumba hiki sasa ni baraza." Huo ndio ulikuwa wosia wake wa kitaaluma. Alistaafu mwaka uliofuata, na sasa ni marehemu.

Nimetoka nje kidogo. Ukungu umeshuka hadi kwenye uzio, jirani anafyeka majani ya ng'ombe kana kwamba leo ni siku ya kawaida. Simu haijalia. Nimeiangalia kama ina mtandao. Unao.

Miaka michache kabla ya kustaafu nilipelekwa Dar es Salaam kwenye mafunzo. Mgeni mmoja alituonyesha kwa picha hiyo mashine mpya inayokusanya mawimbi. Nilikaa mbele kabisa. Yetu ilitawanya joto kama mkono unaopaka mafuta, hii inalipeleka kwenye nukta ndogo kama punje ya maharage, punje baada ya punje, mpaka uvimbe umalizike. Nikafurahi kuona kwamba sehemu kubwa ya kazi ni kupanga kabla ya kuwasha. Wanapiga picha za ndani. Wanachora njia: utumbo usikae katikati, kibofu kisisukume, kovu la upasuaji wa zamani likwepwe kwa sababu kovu linashika joto. Ngozi inanyolewa na kusafishwa, pasibaki povu la hewa. Wanatazama na kile kilicho nyuma ya uvimbe, maana joto halikomi kwa adabu pale ulipoliambia likome. Nyuma kuna mfupa wa nyonga, na karibu na mfupa kuna mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka mguuni. Wanaanza na joto dogo la kujaribu, na kati ya pigo na pigo wanangoja mwili upoe. Nilisema moyoni, Mzee Shekiondo angewapenda hawa.

Kisha mgeni akaonyesha kitufe. Nikanyoosha mkono.

"Na asiyebonyeza?"

Akajibu kwamba kila mgonjwa anaelekezwa kubonyeza.

"Nimeelewa. Nauliza yule aliyeelekezwa, ameelewa, inamuuma, na habonyezi."

Akatabasamu, akasema mwili wa binadamu hujilinda wenyewe. Washiriki wa Kitanzania mle chumbani walitazamana. Tukaenda kunywa chai.

Sasa mnaelewa kwa nini nimesimama hapa dirishani na kalamu. Rehema alilelewa kwenye korido za hospitali. Siku ya chanjo, wenzangu wakiwa wanatazama, nilikuwa namwinamia na kumnong'oneza, "Usinitie aibu. Mtoto wa mfanyakazi halii." Hakulia. Alipovunjika mkono akiwa na miaka tisa, alikaa kimya mpaka jioni ili nimalize zamu. Wauguzi walimsifu, na mimi nilivimba kichwa kwa sifa hizo. Mchana nilikuwa nawabembeleza wazee wa watu waseme panapouma, nyumbani namfundisha wangu afunge mdomo. Miaka yote hiyo sikuona kwamba ni jambo moja.

Juzi kabla hajasafiri nilimpigia, nikaanza kumhutubia. Nikamwambia ukisikia mguu unawaka, bonyeza. Ukisikia ngozi inachoma, bonyeza. Usingoje uone kama itapita.

Akanisikiliza, kisha akasema kwa upole, "Mama, wewe ndiye uliyenifundisha nisilie."

"Najua. Nilikosea."

"Umekosea?" Nadhani hakuwahi kunisikia nikilitamka neno hilo. "Basi nitajitahidi."

Kujitahidi. Kila aliyewahi kuungua mikononi mwa wenzetu alikuwa anajitahidi.

Hoza, na wenzako wote, hayo ndiyo niliyokuwa nayo. Mambo ya vyeo mtayakuta kwenye faili. Pimeni tone la maji kila asubuhi. Wachukulieni wapishi kwa upole, mnahitaji maji yao ya moto. Na msimhesabu mgonjwa mtulivu kuwa mgonjwa mwepesi, mtulivu ndiye wa kumtazama usoni mpaka mwisho.

Simu imelia.

Naandika haya baada yake, mwandiko mnisamehe. Alikuwa yeye mwenyewe, sauti imekauka. "Mama, wamemaliza."

Niliuliza kitu kimoja tu. "Ulibonyeza?"

"Mara nne."

"Nne?"

"Ya kwanza walikuwa hawajaanza. Nilitaka nione kama kweli inasimamisha."

"Ikasimama?"

"Mtaalamu wao akaja mbio kuuliza kuna nini. Nikamwambia hakuna, napima." Alicheka, kisha akaguna, kicheko bado kinamuuma tumboni. "Mbili zilikuwa za ngozi, wakapoza, wakaendelea. Ya mwisho ilikuwa mguu. Moto ulishuka kutoka nyonga mpaka kisiginoni, kama mtu amenipitishia waya. Daktari akatazama picha zake, akaniambia ningechelewa kidogo mshipa ule ungeungua. Wakahamisha njia. Kipande cha nyuma wamekiacha, wamesema uvimbe utanywea hata hivyo. Na mguu nauchezesha, mama, nauona hapa unacheza."

Nilikuwa najifuta uso. Alidhani mtandao umekatika, akaniita mara mbili.

"Nipo," nikasema.

"Mama, nililia pia." Alipunguza sauti, akanong'ona kama anayekiri kosa. "Ile ya mguu. Nilipiga kelele kwa nguvu zangu zote. Chumba kizima kilinisikia."

"Vizuri sana, mwanangu," nikamwambia. "Vizuri sana."